KINA CHA SHIMO LA LIFTI KIAMULIWE NA ARDHI



Mji wetu wa Isiolo unapanda juu. Tangu serikali ya kaunti ilipoanza mwaka 2013, na tangu barabara ya lami ya kwenda Marsabit na Moyale ilipokamilika katika miaka hiyo ya 2010, wenye ploti wameacha kujenga duka la chumba kimoja na wamekuwa wakitaka ghorofa. Ghorofa zikizidi, watu hawawezi kupanda ngazi kutwa. Mgonjwa hawezi, mzee hawezi, wala mwenye kiti cha magurudumu hawezi. Basi nyumba hutaka lifti, na lifti hutaka shimo.

Shimo hilo ndilo twataka kulizungumza leo. Katika nyumba nyingi ndilo shimo lenye kina kuliko yote katika ploti, na wanaoingia humo kwanza si mwenye nyumba, wala si mhandisi, wala si tajiri aliyepewa kandarasi. Ni sisi wenye sururu na karai. Kwa hiyo swali la kina cha shimo si la wakubwa peke yao. Ni swali letu pia.

Tena kuna jambo moja ambalo limewachekesha baadhi ya mafundi. Vitabu vya lifti na karatasi za kazi zinazotoka nchi za ng'ambo mara nyingi husema kwamba msingi wa shimo la lifti uwe chini ya kina cha jalidi, yaani chini ya pale ambapo baridi hugandisha maji ndani ya ardhi. Fundi wa Isiolo husoma maneno hayo huku jasho likimtoka saa nne ya asubuhi, naye hucheka, halafu hukata shauri kwamba karatasi nzima ni ya Wazungu na haimhusu. Twasema asicheke upesi. Jalidi haipo Isiolo, kweli, lakini sababu iliyowafanya wenzetu waandike maneno yale ipo hapa, tena ina nguvu.

JALIDI NI KITU GANI

Katika nchi za baridi kali, wakati wa kipupwe, maji yaliyomo ndani ya udongo huganda kuanzia juu kwenda chini. Watu wengi hudhani ubaya wake ni kwamba maji yakiwa barafu huongezeka ukubwa kwa sehemu 9 katika 100. Hilo ni kweli lakini ni dogo. Ubaya mkubwa ni kwamba ile barafu ikishaanza hunyonya maji kutoka chini, kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, na kujijenga tabaka juu ya tabaka. Stephen Taber wa Marekani alionyesha jambo hili wazi kufikia mwaka 1930: aliloweka udongo kwa kimiminika ambacho kikiganda hupungua badala ya kuongezeka, na bado udongo ulivimba na kujiinua. Hapo watu walijua kwamba kinachoinua ni yale matabaka yanayojengeka kwa kunyonya.

Tabaka hizo huinua barabara, huinua ukuta, huinua nguzo. Kipupwe kikiisha barafu huyeyuka, udongo hugeuka uji, na kile kilichoinuliwa hushuka, tena hakishuki sawasawa. Upande mmoja hukaa chini kuliko mwingine, na nyufa huanza. Kwa lifti hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa lifti hupanda juu ya reli mbili za chuma zilizosimama wima. Shimo likiinama kidogo tu, reli hupinda, na chumba cha lifti husugua au hukwama.

Mambo matatu lazima yakutane ndipo ardhi ijiinue namna hiyo: baridi, maji, na udongo laini wa kunyonya. Ukiondoa moja kati ya hayo matatu, ubaya huisha. Ndiyo sababu wenzetu hushusha msingi mpaka baridi isipofika. Katika mji wa Chicago sheria ya mji hutaka msingi uende chini inchi 42, yaani kupita mita 1 kidogo. Katika jimbo la Minnesota, ambako Wakenya wengi wamekwenda kuishi na kufanya kazi, upande wa kusini ni inchi 42 na upande wa kaskazini ni inchi 60, yaani mita 1 na nusu. Mwanachama akipata kazi huko na kuambiwa achimbe futi 5 kwa nyumba ya chini isiyo na ghorofa, asidhani anaonewa.

Sasa twende kwenye shimo lenyewe. Mtu anaweza kusema: shimo la lifti lina kina cha mita 1 na nusu, basi limeshapita jalidi, hakuna shida. Hapo ndipo wengi hukosea. Kina cha jalidi hakihesabiwi tangu usawa wa barabara. Huhesabiwa tangu pale hewa ya baridi inapogusa ardhi. Kama lifti imo ndani ya nyumba inayopashwa moto, shimo halina taabu. Lakini kama lifti iko nje ya ukuta, au katika mahali pa kuegesha magari palipo wazi, hewa ya baridi hushuka ndani ya shimo, na sakafu ya shimo ndiyo inakuwa uso mpya wa ardhi. Hapo jalidi huanza kuhesabiwa upya kutoka chini ya shimo. Ndiyo maana huko hulaza mbao nene za povu gumu chini na pembeni mwa shimo kuzuia baridi, au huteremsha msingi zaidi, au huweka kipasha moto. Na nyumba ikiwa bado inajengwa, shimo likaachwa wazi wakati wa kipupwe, ardhi ya chini huganda hata kama ramani ilikuwa sahihi.

Twaomba kila mwanachama ashike neno hilo moja: kina huhesabiwa tangu pale adui anapogusa ardhi. Huko adui ni baridi. Kwetu adui ni maji.

ADUI WETU HAPA ISIOLO

Isiolo iko mita 1,100 hivi juu ya bahari. Mlima Kenya tunauona asubuhi, nao una barafu na jalidi kila usiku juu kule karibu na kilele cha mita 5,199. Na wakulima wa Nyandarua na wa chai ya Kericho huijua jalidi inayochoma majani. Lakini hapa mjini ardhi haigandi hata siku moja. Mhandisi akiandika katika kazi ya Isiolo kwamba shimo lishushwe kwa ajili ya jalidi, basi amenakili bila kufikiri, na inafaa aulizwe kwa heshima.

Lakini ardhi yetu nayo huvimba. Tunao udongo mweusi, ambao wahandisi huuita udongo wa pamba. Kila mtu wa hapa anaujua: wakati wa mvua hushika viatu na magurudumu, na wakati wa jua hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mkono. Udongo huo hunywa maji ukavimba, hukauka ukasinyaa, mwaka kwa mwaka, mvua za Machi hadi Mei na mvua za Oktoba hadi Desemba. Nguvu yake ya kuvimba huinua sakafu na kupasua ukuta wa mawe. Kazi yake ni ile ile ya jalidi, ila huifanya kwa jua na mvua.

Na mahali pengine si udongo mweusi. Mji wetu umekaa mahali ambapo ardhi hubadilika kila hatua: hapa mawe ya volkeno kutoka upande wa Nyambene, pale mchanga uliobebwa na lagga, kule udongo mweusi. Ploti moja yaweza kuwa na mwamba kona moja na udongo laini kona ya pili. Msingi ukikaa nusu juu ya mwamba na nusu juu ya udongo, ni kama meza yenye miguu miwili ya chuma na miwili ya mkate.

Waingereza, ambao desturi zao za ujenzi ndizo tulizofuata kwa miaka mingi katika kanuni za mwaka 1968, walijifunza jambo hili kwa hasara. Kwao jalidi hutaka msingi wa sentimita 45 tu. Mafundi waliridhika na kina hicho au kuzidi kidogo. Halafu ukaja ukame wa mwaka 1976. Udongo wa mfinyanzi wa kusini mwa Uingereza ukakauka ukasinyaa, na nyumba nyingi sana zikapasuka. Baada ya hapo, msingi katika udongo wa namna ile ukaanza kutakiwa uende chini karibu mita 1, zaidi ya mara mbili ya kina cha jalidi. Yaani hata katika nchi yenye jalidi, kulikuwa na mahali ambapo kukauka na kulowa kwa udongo kulitaka kina kikubwa kuliko baridi. Je, sisi wa Isiolo, ambao ukame na mafuriko ndiyo maisha yetu, twaweza kusema kwamba kina si kitu?

Kama tulivyosema, kina huhesabiwa tangu pale adui anapogusa ardhi. Shimo la lifti likivuja, au likiachwa wazi mvua ikanyesha ndani, sakafu ya shimo ndiyo inakuwa uso mpya wa ardhi. Udongo ulio chini yake, ambao ulikuwa umekaa kimya kwa miaka kwa sababu maji hayakuufikia, sasa hulowa na kuanza kuvimba. Kuchimba futi 7 hakusaidii ikiwa maji yanashuka pamoja nasi mpaka futi 7.

KAZI IFANYWE NAMNA GANI

Kwanza, ardhi ipimwe kabla ya ramani kutolewa, si baada. Shimo la majaribio lichimbwe mahali pale pale lifti itakapokaa, wala si kona ya mbali kwa sababu huko ni rahisi. Mhandisi aone udongo kwa macho yake na upelekwe kupimwa. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya kubomoa.

Pili, udongo mweusi uondolewe. Fundi asidanganywe kwamba kuushindilia kwa nguvu kunatosha. Uchimbwe mpaka mwamba au udongo mgumu usiovimba, na pale palipozidi kina pajazwe mawe na changarawe isiyovimba, tabaka kwa tabaka, kila tabaka ikishindiliwa. Kama udongo mweusi unakwenda chini mno, hilo ni la mhandisi kuamua: atumie nguzo za chini au njia nyingine. Si la mnyapara kuamua kwa sababu lori la zege limekwisha fika.

Tatu, shimo la lifti lichimbwe na kujengwa mapema, kabla ya misingi iliyo juu yake kumwagwa zege. Shimo la kawaida huwa na nafasi tupu ya mita 1 na nusu hivi, na ukiongeza sakafu nzito ya zege na tabaka la usafi chini yake, uchimbaji hufika kama mita 2. Msingi wa nguzo za jirani waweza kuwa juu ya hapo. Ukimwaga zege ya nguzo kwanza, kisha ukachimba shimo kando yake, unauondolea msingi ardhi iliyokuwa ikiubeba. Mafundi wa zamani wana kipimo chao chepesi: kama msingi uliopo uko futi 3 na shimo jipya litakwenda futi 7, tofauti ni futi 4, basi ukingo wa shimo usiusogelee msingi ule karibu kuliko futi 4, mpaka mhandisi atoe njia ya kuuzuia. Kipimo hiki ni cha nyumba yetu na cha nyumba ya jirani pia.

Nne, chini pakishafika na kukaguliwa, pamwagwe tabaka jembamba la zege siku ile ile. Udongo usiachwe uchi kupigwa na jua na kunyeshewa. Tabaka hilo ni kofia ya ardhi.

Tano, maji yazuiwe. Ukuta na sakafu ya shimo vifungwe visipitishe maji, na kona moja iwekwe kidimbwi kidogo cha kukusanya maji na pampu. Maji ya paa yaelekezwe mbali na nyumba, na mapaa ya ghorofa yetu ni makubwa. Matangi yasivuje kando ya msingi. Na pale ambapo maji ya chini ya ardhi huwa juu, kama karibu na mto au lagga, mhandisi akumbuke kwamba shimo tupu lililozungukwa na maji ni mtumbwi. Shimo la mita 2 kwa mita 2, likizungukwa na maji ya kina cha mita 1, husukumwa juu kwa nguvu ya tani 4. Likiwa jepesi kabla nyumba haijasimama juu yake, huelea. Mwezi Novemba 2023 mvua za El Niño zilifurika kaskazini mwa Kenya, Isiolo nayo ikiwemo. Mtu aliyeona lagga zikijaa wakati ule hana haja ya kuambiwa maji yana nguvu gani.

Sita, shimo lisipunguzwe kina ili kuokoa pesa. Nafasi iliyo chini ya lifti si ya bure. Ni mahali pa kujiokoa pa fundi wa lifti, kama chumba kikishuka naye yumo ndani akitengeneza. Kanuni za Ulaya hutaka nafasi hiyo imtoshe mtu. Kama ni ya kuchutama, iwe na urefu wa mita 1 kwenda juu. Mwenye nyumba akikata sentimita 40 kwa sababu amekuta jiwe gumu, amekata nafasi ya uhai wa mfanya kazi mwenzetu ambaye atakuja miaka 10 baadaye.

Kuna mahali pamoja ambapo jalidi yenyewe yaweza kuja Isiolo, nayo huletwa na mashine. Sisi ni watu wa mifugo. Machinjio makubwa ya Isiolo, ambayo ujenzi wake ulianza katika miaka ya 2000 na kukokotwa kwa miaka mingi, yalikusudiwa kupeleka nyama nje, na nyama ya kupelekwa mbali hutaka baridi. Chumba cha kugandisha nyama hukaa chini ya sufuri kwa digrii 18 au 20, usiku na mchana, mwaka mzima. Sakafu yake isipowekewa kizuizi cha baridi, na chini yake pasipopitishwa hewa au joto kidogo, baridi hushuka pole pole mwezi kwa mwezi mpaka ardhi igande, hata katika nchi ya jua kali. Halafu sakafu huinuka katikati kama mgongo wa ngamia. Na kama chumba hicho kina shimo la lifti ya mizigo, baridi hushukia humo. Mwanachama akiitwa kujenga chumba kama hicho, akaona ramani haina kizuizi chochote chini ya sakafu, aulize. Hapo maneno ya jalidi ni yetu kabisa.

UHAI WA MCHIMBAJI

Sasa twafika kwenye jambo kubwa kuliko zege na pampu. Shimo la mita 2 linatosha kumzika mtu akiwa amesimama. Mita moja ya udongo kwa kila upande, yaani kipande cha ujazo wa mita 1, ni uzito wa tani 1 na nusu hadi 2. Hiyo ni gari ndogo. Ukuta wa shimo ukiporomoka hautoi nafasi ya kukimbia, na mtu aliyefunikwa mpaka kifuani huishiwa pumzi hata kama kichwa chake kiko nje, kwa kuwa kifua hakiwezi kupanuka. Udongo mweusi ukiwa mkavu husimama wima kama ukuta wa mawe na kumdanganya mchimbaji. Kumbe una nyufa kwa ndani, na mvua ya usiku mmoja ikiingia katika nyufa hizo, asubuhi huanguka kipande kizima. Mchanga wa lagga hautoi onyo kabisa.

Kwa hiyo twasema hivi. Katika shimo linalofika kifuani mwa mtu asiingie mtu mpaka kuta zimezuiwa kwa mbao na miti ya kukingama, au zimechimbwa kwa mteremko. Marekani sheria yao hutaka kinga kuanzia futi 5, na ngazi ya kutokea kuanzia futi 4, nasi hatuoni kwa nini mwili wa Mkenya uhesabiwe mgumu zaidi. Udongo uliotolewa utupwe mbali na ukingo, angalau hatua moja kubwa, na lori lisikaribie. Shimo likaguliwe kila asubuhi kabla ya kazi, na tena baada ya mvua. Mtu asiachwe shimoni peke yake. Na pampu ya petroli isishushwe shimoni hata kidogo, kwa kuwa moshi wake hujaa chini bila kuonekana na huua watu kimya, na anayeingia kumwokoa mwenzake hufa naye.

Tunajua jibu ambalo kibarua hupewa. Akiuliza mbao ziko wapi, huambiwa: kama waogopa, wako wengine nje wanangoja. Na ni kweli wako. Kila asubuhi wako mbele ya lango, wana watoto nyumbani, na malipo ya siku moja ni chakula cha siku moja. Hofu hiyo ndiyo mbao pekee inayowekwa katika mashimo mengi. Hatumlaumu aliyeingia. Lakini twataka ajue kwamba sheria haiko upande wa yule aliyemwambia maneno yale.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 husema kwamba mfanya kazi akiwa na sababu ya kuamini kuna hatari kubwa, amwarifu msimamizi wake. Na mwenye kazi hana ruhusa ya kuwarudisha wafanya kazi mahali pale mpaka hatari iondolewe. Husema pia kwamba mtu asifukuzwe wala kubaguliwa kwa sababu ametoa malalamiko ya usalama. Husema kwamba mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, yenye wajumbe wa wafanya kazi ndani yake. Na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo hutaka mwenye kazi awakatie bima watu wake. Kibarua naye ni mtu wake.

Wako watakaosema kwamba maneno haya yatachelewesha kazi na kumfukuza mwenye mtaji aende Meru au Nanyuki. Twawajibu kwa mfano ambao nchi nzima inaukumbuka. Tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, nyumba ya ghorofa iliyojengwa kando ya mto huko Huruma, Nairobi, ilianguka ikaua watu wapatao 50. Nyumba ile ilisimama haraka, na kodi zilikusanywa mapema. Haraka ile ilimfaidi nani? Mji hauharibiwi jina na chama kinachodai mbao za shimo. Huharibiwa na nyumba inayoanguka.

TUNALOTAKA

Kwa matajiri wenye kandarasi: mbao, ngazi, pampu ya nje na kipimo cha udongo viandikwe katika bei tangu mwanzo, ili yeye anayejenga vizuri asishindwe zabuni na yeye anayejenga juu ya maisha ya watu. Mkifanya hivyo, mtatukuta wafanya kazi wenzenu, si maadui.

Kwa kaunti na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011: mkaguzi aje shimo likiwa wazi. Akija baada ya zege kumwagwa, anakagua rangi. Tunayo Kanuni ya Taifa ya Ujenzi ya mwaka 2024; kanuni njema hukaa kabatini kama mkaguzi hana gari.

Kwa wahandisi: msituletee kina kilichonakiliwa. Kama karatasi inasema jalidi, ifutwe na kuandikwa udongo mweusi, lagga, maji. Na mchimbaji akiwaambia kwamba udongo umebadilika rangi chini ya futi 5, shukeni mkaangalie. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuiona ardhi ile, na huenda akawa wa mwisho, kwa kuwa kesho itafunikwa.

Na kwa sisi wenyewe, ndugu: kila kazi yenye shimo la lifti ichague mtu mmoja wa kulitazama shimo kila asubuhi. Akisema lisiingiwe, lisiingiwe na yeyote, si fundi, si kibarua, si mwanachama wala asiye mwanachama. Mtu mmoja akikataa peke yake hufukuzwa. Wote wakikataa pamoja, mbao hupatikana kabla ya saa sita.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Walimsema mwenye hila. Sisi mashimo twachimba kwa halali, kwa jasho, ili wengine wapande juu, na twataka jioni tutoke humo sote kama tulivyoingia.

Mhariri, kwa niaba ya Chama